Nilianza na cha Pili

Dada mkutubi, wazee mliowasindikiza wajukuu, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma kana kwamba huku mbele ameketi mwalimu wa zamu, hamjambo. Asanteni kwa kunialika hapa maktabani Kaloleni, Nairobi. Wengi wenu mmezoea kuniona na tepe shingoni, si na kitabu mkononi. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kando ya Jogoo Road, na kama mwanao alifungua muhula na sketi inayompwaya, huenda tulishaonana.

Nimepewa dakika ishirini nitoe maoni yangu juu ya kitabu kimoja. Uhakiki una wenyewe, nao wameusomea. Mimi nitasema nilivyoona, tena kwa Kiswahili, ilhali kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nikikwama mtanivumilia.

Kitabu chenyewe kinaitwa Good Girl, Bad Blood. Mwandishi ni Holly Jackson wa Uingereza, na kilitoka mwaka 2020. Ni cha pili katika vitabu vitatu. Cha kwanza, A Good Girl's Guide to Murder, kilitoka 2019, na cha tatu, As Good as Dead, kikafuata 2021. Cha kwanza kiligeuzwa tamthilia mwaka 2024, na najua wengi wenu mliitazama kwenye simu chini ya blanketi, mama akidhani mnadurusu. Wa kwangu alifanya vivyo hivyo.

Sasa nikiri kosa langu mapema, maana mazungumzo yote yametokana nalo. Nilianza na cha pili.

Si kwa kupenda. Nilikuwa natoka kununua vifungo na zipu mjini, nikapita barabara ya Tom Mboya pale wanapotandaza vitabu kwenye magunia, ukitaka kununua unainama. Nikainama. Kijana muuzaji akaniambia, "Mathe, chukua hiki, wasichana wanakigombania." Nikamuuliza bei, akasema mia tatu, tukaelewana mia mbili. Hakuniambia ni cha pili, nami sikumuuliza. Nilipofika nyumbani binti yangu wa kidato cha nne alikitazama akashika kichwa. "Mum! Huwezi kuanza na hicho!" Cha kwanza alikuwa amekisoma cha rafiki yake na kukirudisha. Hapa maktabani nako kila nilipouliza, kiko nje. Na mimi ni mtu ambaye kitambaa kikishakatwa lazima kishonwe. Nikasoma.

Wenye kujua vitabu vya upelelezi wataniambia nilijinyima utamu. Ni kweli. Kurasa za mwanzo tu za kitabu cha pili zinamwaga mtama wote wa cha kwanza. Msichana anayeitwa Pip, mwanafunzi wa mji mdogo wa kubuni uitwao Little Kilton, alichukua kisa cha mauaji kilichofungwa miaka mingi, akakifanya mradi wake wa shule. Mji mzima ulikuwa umeamini kwamba msichana Andie Bell aliuawa na mpenzi wake, Sal Singh. Sal naye alikuwa amekufa, kwa hiyo hakukuwa na wa kumtetea ila familia yake, na familia yenyewe ilikuwa imetengwa. Pip akachimbua, akakuta mji ulimhukumu asiyehusika. Haya yote nimeyajua nikiwa sijafungua kitabu cha kwanza, na nani hasa alifanya nini, nimejua pia. Hilo sitawaambia. Kuna wengine hapa hawajasoma, na mmoja wao amenikodolea macho.

Lakini kujinyima huko kulinipa kitu. Mimi nikiletewa nguo nisiyoishona mwenyewe, jambo la kwanza naipindua ndani nje. Upande wa nje kila nguo ni nzuri. Ndani ndiko unakoona kama fundi alimaliza kazi au alipiga bandi tu akaipeleka sokoni. Kitabu hiki cha pili ni kile cha kwanza kilichopinduliwa ndani nje. Mimi niliuona mshono kabla ya kuiona nguo.

Nieleze. Kisa cha kwanza kimekwisha, ukweli umejulikana, msichana amesifiwa. Ameutangaza uchunguzi wake kwenye podikasti, yaani kipindi cha sauti cha mtandaoni, na watu wengi wanamsikiliza. Unadhani amekaa raha mustarehe? Hakuna. Amewaahidi wazazi wake kwamba mambo ya upelelezi amemaliza, kwa sababu yalimtoa jasho la damu, na si yeye peke yake. Kuna rafiki yake ambaye nyumba yake ilivunjika kwa sababu ya ukweli ule alioufukua. Kuna kijana tajiri, Max Hastings, aliyeshtakiwa kwa maovu yaliyojitokeza katika uchunguzi wake, na kesi bado iko mahakamani. Kisha ndugu wa rafiki yake mwingine anapotea. Jamie Reynolds, mtu mzima tayari. Anapotea usiku uleule mji ulipokusanyika kuwakumbuka Andie na Sal, miaka sita baada ya vifo vyao. Mdogo wake anakuja kwa Pip akimsihi amtafute kaka yake. Msichana ameahidi hatafanya, na mbele yake yuko rafiki anayelia.

Mimi nilikulia kwenye nyumba yenye vitabu vya Muhammed Said Abdulla, yule mwandishi wa Zanzibar wa hadithi za upelelezi. Baba alikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale, kile kilichoshinda shindano la hadithi za Kiswahili la 1957 na 1958 kikachapishwa 1960, na jalada lake lilikuwa limeshikiliwa na gundi ya ugali. Humo yumo mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum akimfuata nyuma akistaajabu. Baadaye nikasoma Kisima cha Giningi, nikasoma Siri ya Sifuri. Sikuvisoma kwa mpangilio na haikunidhuru hata kidogo, kwa maana Bwana Msa ni yuleyule. Anatatua kisa, anavuta kiko, anaondoka. Maiti aliyoikuta Unguja mwaka ule haimfuati usingizini kitabu kinachofuata. Ndivyo waandishi walivyozoea kuwaandika wapelelezi, hata wa Uingereza, na mimi nilifurahi na bado nafurahi. Ukitaka kusahau deni la kodi ya nyumba, Bwana Msa ni tiba.

Pip anafuatwa. Hapo ndipo Holly Jackson alinikamata. Huyu ni mtoto wa shule, hajamaliza hata mitihani yake, na kitabu cha pili kinaanza akiwa tayari ana kidonda ambacho waliosoma cha kwanza pekee huenda hawakukiona, maana walikuwa wanashangilia. Binti yangu alishangilia. Mimi sikupata nafasi ya kushangilia. Nilikutana na msichana aliyechoka, mwenye hasira inayokuja bila hodi, anayesema uongo kwa watu wanaompenda ili apate jibu analolitaka. Kuna mahali anamkaripia mtu nikaweka kitabu chini nikasema, "Wewe mtoto, hebu kunywa maji."

Basi tuje kwenye kupotea kwenyewe, maana ndiko nilikokaa sana.

Polisi wa kitabuni hawaharakishi. Kwao, Jamie ni mtu mzima, amewahi kuondoka nyumbani siku za nyuma akarudi, hakuna dalili ya damu wala vurugu. Baba yake mwenyewe anaona kijana ameamua tu kuwatesa, atarudi akichoka. Mama halali. Sura zinahesabu siku: siku ya kwanza tangu apotee, siku ya pili, ya tatu. Msomaji wa Uingereza pengine anasoma hapo akawakasirikia polisi kisha akafungua ukurasa unaofuata. Mimi nilikwama hapo usiku mzima.

Kwa sababu sisi hapa tunajua habari hiyo kwa mwili. Mtoto asiporudi, mzazi anaenda kituoni, anapewa nambari ya OB, ile ya daftari la matukio la polisi, kwenye kikaratasi, na kikaratasi kile anakikunja kama noti ya elfu. Kisha anaanza kazi yake mwenyewe. Anachapisha picha kwenye duka la saiba, anabandika kwenye nguzo za stima, anampelekea makanga anayemjua, anaiomba kanisa itangaze baada ya matoleo. Jirani yangu mmoja alimtafuta mwanawe hivyo. Kijana alipatikana baada ya siku nne, yuko salama, alikuwa Nakuru na mambo yake ambayo hayatuhusu. Lakini picha ile bado inazunguka kwenye WhatsApp. Mpaka leo, miaka mitatu, kijana ana mtoto sasa, bado mtu huitupa kwenye kikundi na kuandika, "Tusaidie kumtafuta." Ametafutwa na watu wengi zaidi baada ya kupatikana kuliko alipokuwa amepotea.

Na Juni 2024, vijana walipotoka mitaani kuupinga Mswada wa Fedha na tarehe 25 wakaingia Bunge, miezi iliyofuata tulikuwa tukiamkia picha ya mtoto wa mtu karibu kila wiki, na maneno ya kusema alionekana mara ya mwisho wapi. Wapo waliorudi wakiwa kimya. Wapo ambao hawajarudi. Sitalizungumza zaidi, kuna mama hapa amekaa upande wa dirisha anajua kwa nini. Nataka tu mwelewe kwamba neno "amepotea" katika kitabu hiki lilinifikia likiwa na uzito ambao mwandishi hakuutia. Uzito huo ulitiwa na mji wangu.

Kwa hiyo podikasti ya Pip niliisoma kama mtu anayesoma kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Anaitangaza habari ya Jamie kwa sababu polisi hawatembei, na kutangaza kunasaidia: watu wanaleta walichokiona, mtu alimwona kijana kwenye barabara fulani saa fulani. Papo hapo kunakuja uchafu. Kuna wanaosema familia imebuni kisa ili wapate umaarufu. Kuna wanaomtukana msichana. Mwandishi ameviweka humo vipande kama ushahidi: mahojiano yaliyonakiliwa neno kwa neno, jumbe za simu, kurasa za mitandao. Mbinu hiyo inapendeza, ingawa nakala yangu ilikuwa ya wale wanaotoa vitabu kopi kwa wizi, nikajua kwa jinsi picha zilivyotoka kama masizi ya jiko. Nilikuwa nikiinua ukurasa kwenye taa ya cherehani nijaribu kuona mpelelezi alichokiona. Wenye kuandika vitabu nisameheni. Baadaye nilinunua kile cha kwanza kwa bei kamili dukani, nikahisi nimelipa nusu ya dhambi.

Sasa lawama, maana sikuja kusifu tu.

Moja, majina. Mungu wangu, majina! Kurasa thelathini za mwanzo ni kama mkutano wa kina mama wa chama, kila mtu anajitambulisha na jina la mumewe. Aliyesoma cha kwanza anawajua. Mimi nilichukua chaki ya cherehani nikaandika majina ukutani.

La pili ndilo kubwa, na hapa mimi na binti yangu hatujapatana mpaka leo. Kisa chote kinaelekea kwenye jibu ambalo chimbuko lake liko mbali na mji ule, miaka mingi nyuma. Na habari za huko mbali tunapewa tukiwa tumeshachelewa, kitabu kimebaki kidogo. Mimi naona hapo fundi ametoa kitambaa kipya mfukoni wakati wa kumalizia pindo. Katika hadithi ya upelelezi kuna maagano kati ya anayesimulia na anayesikiliza: kila kinachohitajika kufungua fumbo kiwe mezani, nikishindwa ni upumbavu wangu. Hata kitendawili, mtu akisema "tega", lazima jibu lake liwe kitu ambacho kila mtu kijijini amewahi kukiona. Hutegi kitendawili ambacho jibu lake ni mnyama wa nchi usiyoijua.

Binti yangu anasema sivyo. Anasema, "Mum, sababu imefichwa, lakini mtu mwenyewe hajafichwa. Amepita mbele yako tangu mwanzo." Nikarudi kutazama. Kweli amepita. Amepita kwa adabu, anasalimia. Nilimwona na nikampenda. Kwa hiyo nusu ya lawama naiondoa, nusu nabaki nayo. Kumwona mtu si sawa na kupewa nafasi ya kumshuku.

La tatu ni dogo, nalisema haraka: mji mdogo kiasi kile, kila nyumba ina siri ya kutosha kujaza gazeti. Hata Kaloleni, ambako ukuta wa jirani ni ukuta wako, hatuwezi kufikia hapo. Tuna siri, lakini tunazijua zote.

Kuna mtu ameniuliza nilipoingia, jina la kitabu lingekuwaje kwa Kiswahili. Nililifikiria nikishona jana. "Good girl" ni binti mwema, mtoto mwenye adabu, hilo halina shida. Ile "bad blood" ndiyo inasumbua. Ukisema "damu mbaya", msomaji wetu atafikiria hospitali. Waingereza wanakusudia chuki ya zamani isiyokwisha kati ya watu. Sisi damu tumeipa kazi nyingine. Tunasema damu nzito kuliko maji, tunasema mtu ana damu ya kunguni kama hapendwi na watu. Kisasi tunakiita kisasi. Nilifikia "Binti Mwema, Kisasi cha Kale", kisha nikaona limeshatoboa siri. Nikaacha. Mwenye la kwake aniletee kibandani.

Lakini hilo la wema ndilo linalonirudisha kwenye sehemu niliyoipenda kuliko zote, na haihusu Jamie. Ni ile kesi ya Max Hastings. Kwenye kitabu cha kwanza, binti yangu anasema, ukishajua nani alifanya nini unahisi umefika. Kwenye cha pili mahakama inakaa, mawakili wanasimama, na msichana anajifunza kwamba kujua jambo na kulithibitisha mbele ya hakimu ni safari mbili tofauti. Hukumu siwaambii. Nawaambia tu kwamba baada ya kuisoma niliona mkono wa binti mwema ukifanya jambo usiku ambalo mzazi wake angelia akiliona, na nilishindwa kumlaumu. Nilijaribu. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninayewaambia kila siku wasichukue sheria mkononi. Nilikaa kitandani na kitabu kifuani nikasema, "Lakini alikuwa afanye nini?"

Mume wangu akajibu usingizini, "Zima taa."

Hapo ndipo naweza kuwaambia kwa nini nakiona cha pili ni bora, ijapokuwa fumbo lake limeshonwa vibaya kuliko la kwanza. Nilipokuja kukisoma cha kwanza, nilikisoma kwa haraka na kwa raha. Ni kitabu kizuri, fumbo limekaa sawa, kila uzi umefungwa. Ila kila Pip alipogundua jambo akaruka kwa furaha, mimi nilikuwa najua bei. Najua rafiki yupi atapoteza nyumba yake. Nilisoma kama mama anayetazama picha za harusi ya binti ambaye ndoa yake imemshinda. Binti yangu, aliyesoma kwa mpangilio, anasema cha pili kilimhuzunisha kwa sababu Pip alibadilika. Kwangu hakubadilika. Nilimkuta hivyo, kisha nikapewa nafasi ya kumwona alivyokuwa kabla.

Kijana mmoja hapo nyuma ameinua mkono muda mrefu. Sema, mwanangu. ... Anauliza kama nimesoma cha tatu. Sijasoma. Naambiwa ni kizito, naambiwa watu wamegombana juu yake mpaka marafiki wakanuniana. Wewe umekisoma? Usiniambie! Kaa chini, nakuomba. Nione baada ya hapa, ukiwa nacho nikiazime, nitakurudishia kikiwa na jalada la nailoni.

Hiki changu cha pili nakiacha hapa mezani kwa dada mkutubi, ingawa amekwisha kunitazama kwa jicho la kusema kopi ya wizi haiingii rafu ya maktaba. Basi nitamkabidhi yule aliyenikodolea macho mwanzoni. Kurasa mbili katikati zilichomoka, nimezishonea kwa uzi mweusi, usizivute. Na majina yote nimeyaandika kwa chaki ndani ya jalada, nani mtoto wa nani. Ukishaingia, utayahitaji.